Kipindupindu Kilichotoka Makka Kikafika New York: Habari ya Bodi ya Afya ya Mwaka 1866

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darsa la leo ni la historia, na ni refu. Anayeharakisha alihifadhi asome baada ya Isha. Tutaanzia Makka, tutakwenda hadi Marekani, na inshaAllah tutarudi pwani yetu kabla hatujamaliza.

Mwezi wa Mei 1865, sawa na Dhul Hijja ya mwaka 1281 Hijria, walikusanyika Makka mahujaji wapatao 90,000. Mwaka huo meli za moshi zilikuwa zimeshaanza kubeba mahujaji kwa wingi kutoka India na Visiwa vya Malei, na meli moja ilijazwa watu kama magunia ya mchele. Katika siku zile za Mina na Arafa kipindupindu kikaingia. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 15,000 waliokufa, na wako wanaotaja hadi 30,000. Allah awakubalie hija yao. Mtume ﷺ ametufundisha kwamba anayekufa kwa maradhi ya tumbo ana daraja ya shahidi, na hawa walikufa wakiwa na ihramu au ndiyo kwanza wameivua.

Waliobaki hai walitaka kurudi kwao haraka, na nani asingetaka? Wakapanda meli Jiddah kwenda Suez. Ya kwanza ilifika Suez tarehe 19 Mei, nayo njiani ilikuwa imeshatupa maiti baharini. Kutoka Suez ilikuwepo reli mpaka Aleksandria. Kwa hiyo maradhi ambayo zamani yangetembea kwa mwendo wa ngamia, sasa yalipanda gari moshi. Ndani ya miezi mitatu Misri ilipoteza watu wapatao 60,000. Kutoka Aleksandria yakaenda Marseille na Istanbul, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa inazika.

Wazungu wakasema: hija ndiyo balaa. Tuseme ukweli wa pande zote mbili hapa. Kweli maradhi yalipita Makka. Lakini hayakuzaliwa Makka. Kipindupindu kilitoka katika delta ya Ganges, na kilibebwa na meli ambazo nyingi zilikuwa za makampuni ya Kizungu, yaliyouza nafasi za kukaa sitahani bila maji ya kutosha wala choo cha maana. Hujaji aliyelipa nauli yake ya halali hakuwa mkosaji kuliko mwenye meli aliyempakia. Hili liweke akilini, maana suala la nani wa kulaumiwa, maskini mgonjwa au tajiri mwenye jengo, litarudi tena huko tuendako.

Mwanzoni mwa Novemba 1865 meli iitwayo Atalanta ilifika mbele ya bandari ya New York ikiwa na wagonjwa wa kipindupindu. Ilizuiwa nje, abiria wakatengwa, na baridi ya majira yale ikausaidia mji. Lakini kila daktari wa mji alijua kwamba baridi itaisha. Kipindupindu kitarudi na joto la mwaka 1866. Swali lilikuwa: mji una nini cha kukipokea?

Jibu: hauna kitu.

New York ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya laki saba. Karibu nusu milioni kati yao waliishi kwenye majengo ya kupangisha yasiyopungua 15,000, nyumba za ghorofa zilizokatwakatwa vyumba vidogo, vingi havina dirisha hata moja. Maelfu walikaa vyumba vya chini ya ardhi, ambako choo cha shimo cha uani kikifurika kinaingia ndani kwao. Machinjio yalikuwa katikati ya makazi, damu ikitiririka mferejini. Samadi ya farasi ilirundikwa viwanjani kama vilima. Wenyewe walikuwa na maji mazuri, tusiwadhulumu: tangu 1842 mji uliletewa maji kwa mfereji mrefu wa kujengwa kutoka mto Croton, zaidi ya kilomita sitini. Lakini maji hayo hayakumfikia kila maskini, na visima vya zamani viliendelea kutumika. Ndiyo maana mwaka 1849, miaka saba baada ya mfereji kufunguliwa, kipindupindu kiliua watu 5,071 katika mji uliokuwa na watu nusu milioni hivi. Na mwaka 1832 kilikuwa kimeshaua zaidi ya 3,500.

Utauliza, hawakuwa na idara ya afya? Walikuwa nayo. Na hapa ndipo habari inapouma.

Ilikuwepo ofisi ya mkaguzi wa mji, yenye bajeti nono na wakaguzi wa afya katika kila kata. Wakaguzi hawa walipewa kazi na chama kilichoshika mji, kama shukrani kwa kutafuta kura. Wengi wao walikuwa wenye vilabu vya pombe na watu wa mitaani wa kampeni. Walipoitwa kuhojiwa, mmoja aliulizwa neno la kitaalamu la usafi wa afya lina maana gani, neno ambalo alikuwa analiandika kwenye taarifa zake. Akajibu kwamba ni ile harufu inayotoka kwenye maji yaliyotuama. Watu walicheka. Lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na watoto wanaokufa kwa ndui kwenye vyumba ambavyo bwana huyu alikuwa analipwa avikague, na hakuvikanyaga.

Ndugu yangu, kupewa kazi ya watu kwa sababu ya kujuana, nawe huijui, ukachukua mshahara: hiyo ni khiyana ya amana, na mahali pengine hasara yake ni fedha. Kwenye afya hasara yake inapelekwa makaburini.

Alikuwepo daktari mmoja, Stephen Smith, aliyezaliwa mwaka 1823. Hakuwa Muislamu na sikuja kumfanya walii. Lakini habari yake inafaa kusimuliwa. Miaka kadhaa kabla ya haya, akiwa daktari kijana, alipewa usimamizi wa hospitali ya mahema ya wagonjwa wa tifasi. Hii si taifodi. Tifasi ni homa inayoenezwa na chawa, ingawa wakati ule hakuna aliyelijua hilo la chawa. Alipokuwa akipitia daftari la wagonjwa aligundua kwamba zaidi ya mia moja walitoka katika jengo moja. Jengo moja tu! Akaenda kuliona. Akakuta milango na madirisha yamevunjika, chini kumejaa maji machafu, na familia za wahamiaji zimelala zikisongamana. Wengi walikuwa wageni waliotoka tu melini, hawana pengine pa kwenda.

Akatafuta mwenye jengo ni nani. Alikuwa tajiri, mtu wa heshima zake, anakaa mtaa mzuri. Smith alimfuata akamwomba alitengeneze. Akakataa. Akaenda polisi. Polisi wakamwambia hakuna sheria inayomlazimisha mtu kusafisha nyumba yake. Pima hilo: mtu akiiba mkate anafungwa, mwenye jengo lililougulia watu mia moja hana kosa. Mwisho Smith alikwenda kwa William Cullen Bryant, mhariri wa gazeti la Evening Post. Wakapanga mwenye jengo aitwe mahakamani kwa njia yoyote ile, na mwandishi wa gazeti awepo. Yule bwana alipofika na kumwona mwandishi ameshika kalamu, akashtuka. Akaahidi kutengeneza kila kitu, ilimradi jina lake lisichapishwe. Akatengeneza kweli, na homa katika jengo lile ikakoma.

Sheria haikumgusa, fedha haikumgusa, kilichomgusa ni aibu. Smith aliondoka na somo kwamba mji wa watu laki kadhaa hauwezi kulindwa kwa kuwatia aibu matajiri mmoja mmoja. Panahitajika chombo chenye meno.

Mwaka 1864, wananchi wenye uwezo waliungana katika chama kilichoitwa Citizens' Association, wakawaajiri madaktari vijana wapatao thelathini, kila mmoja na eneo lake, wakague mji nyumba kwa nyumba. Tusiwapambe sana hao wananchi: mwaka mmoja kabla, Julai 1863, mji ulikuwa umewaka moto kwa ghasia kubwa za kupinga kuandikishwa jeshini. Matajiri waliwaona kwa mara ya kwanza watu waliotoka kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi, wakaogopa. Huruma ilikuwepo, na hofu ilikuwepo.

Madaktari wale walirudi na mabuku ya taarifa yenye michoro na hesabu. Walikuta wagonjwa wa ndui zaidi ya 1,200 na wa tifasi zaidi ya 2,000 kwenye majengo ya kupangisha. Walikuta nguo zinashonwa ndani ya chumba chenye mgonjwa wa ndui, kisha zinapelekwa dukani. Kwa hiyo bibi tajiri aliyejiona yuko mbali na uchafu alikuwa anavaa mabegani kitambaa kilicholala kitandani kwa mgonjwa. Mwezi wa Februari 1865 Smith alisimama mbele ya wabunge wa jimbo akayasoma haya yote. Mwanasheria Dorman Eaton aliandika muswada wa sheria.

Muswada ukakataliwa. Waliokuwa wakila kwenye ofisi ya zamani hawakuwa tayari kuinuka mezani.

Kisha ikafika ile meli ya Novemba. Yaani kile ambacho hoja za madaktari hazikukifanya, kipindupindu kilikifanya kwa kutokea tu upeo wa macho. Tarehe 26 Februari 1866 sheria ikapita, na Bodi ya Afya ya Metropolitan ikazaliwa. Kwa tukio la kustaajabisha, mwezi huohuo wa Februari, mataifa yalikuwa yanakutana Istanbul katika mkutano mkubwa wa afya kujadili kipindupindu na njia ya hija. Maradhi mamoja, yaliyopita Mina mwaka mmoja kabla, yaliwakalisha vikao watu wa pande mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Sasa tuitazame bodi yenyewe, kwa sababu ndiyo kiini cha darsa.

Ilikuwa na wajumbe tisa. Wanne walikuwa makamishna wa polisi, mmoja afisa wa afya wa bandari, na wanne waliteuliwa na gavana, watatu kati yao madaktari. Mwenyekiti, Jackson Schultz, hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu aliyezijua harufu za machinjio na ujanja wa wenye machinjio. Kuwaweka polisi ndani ya bodi kulikuwa na hekima yake: amri ya bodi haikubaki karatasi, ilikuwa na askari wa kuipeleka. Mkuu wa ukaguzi alikuwa Dk. Edward Dalton, aliyekuwa tabibu wa jeshi vitani. Msajili wa vizazi na vifo alikuwa Dk. Elisha Harris, na wewe usiidharau kazi ya msajili. Mji usiohesabu maiti zake haujui unauawa na nini.

Meno yake yalikuwa haya. Bodi ikiona kitu cha hatari kwa afya, inatoa amri kiondolewe. Mwenye mali ana haki ya kusikilizwa. Akikaidi, bodi inaingia, inafanya kazi yenyewe, na gharama zinadaiwa kwenye mali yake. Ilikuwa sheria kali. Wapinzani walisema ni udhalimu, kwamba bodi imekuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Na mimi nasema hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Aidha, siasa ilikuwemo: chama kilichoshika jimbo kilikuwa kinanyang'anya madaraka chama kilichoshika mji. Ukisikia mtu anasema kazi hii ilikuwa ya watu safi watupu, usimsadiki.

Masika ya kule, Machi na Aprili, wakaanza. Wakaguzi waliingia majumbani. Vyoo vya shimo vilizolewa kwa maelfu. Samadi iliyoondolewa viwanjani ilihesabiwa kuwa tani 160,000. Tarehe 18 Aprili ikaja meli Virginia kutoka Liverpool, abiria wengi wa daraja la chini wakiwa wameshakufa njiani. Ikazuiwa, wagonjwa wakawekwa kwenye meli ya hospitali majini. Kwa nini majini? Kwa sababu hospitali ya karantini iliyokuwa kisiwa cha Staten ilichomwa moto na wakazi wake mwaka 1858, walipochoka kuwekewa wagonjwa wa mji mzima uani kwao. Hata mwaka 1866 kila mtaa ulitaka iwepo hospitali ya kipindupindu, mradi iwe mtaa mwingine. Tabia hii tunaifahamu vizuri, hata leo jaribu kujenga dampo au zahanati ya kifua kikuu karibu na watu.

Mwanzoni mwa Mei mgonjwa wa kwanza alionekana ndani ya mji. Habari zilipita kwa waya za telegrafu za vituo vya polisi. Kikosi kilifika kikiwa na unga wa klorini na dawa nyingine. Kinyesi na matapishi vikatiwa dawa, choo kikatiwa dawa, matandiko yakachomwa. Halafu wakaenda nyumba ya pili, ya tatu. Hivyo hivyo Juni, Julai na Agosti. Kila taarifa ya ugonjwa ikifika, wanatoka, usiku au mchana.

Elewa kwamba watu hawa walikuwa hawamjui adui. Kijidudu cha kipindupindu kilikuja kutambulika rasmi mwaka 1883 na 1884, Robert Koch alipokifuata Aleksandria kisha Calcutta. Mwaka 1866 madaktari wengi waliamini maradhi yanatokana na hewa mbaya, na ndiyo maana walihangaika na samadi. Samadi ya farasi haileti kipindupindu! Tani zile 160,000 zilipunguza nzi na harufu, lakini hazikuwa njia ya maradhi. Kilichofanya kazi ni kile kingine: kukitia dawa kinyesi cha mgonjwa kabla hakijafika kwenye maji na mikono ya watu. John Snow alikuwa ameshaonyesha London mwaka 1854 kwamba maradhi yanapita kwenye maji ya kunywa, na madaktari wa New York walikuwa wameanza kumsikiliza. Kwa hiyo walipata kwa kufanya mengi, mengine ya lazima na mengine ya bure, bila kujua lipi ni lipi.

Matokeo? Katika mji wa watu zaidi ya laki saba, waliokufa kwa kipindupindu mwaka ule hawakufika 1,200. Linganisha na 5,071 wa mwaka 1849, mji ukiwa mdogo zaidi. Linganisha pia na St. Louis, mji wa watu takriban laki mbili: mwaka huohuo wa 1866, bila bodi ya namna hii, ulizika watu wapatao 3,500. Mwaka uliofuata St. Louis nao wakaunda bodi yao. Sitasema kila uhai uliookoka uliokolewa na bodi, yako maji ya Croton na yako mengine anayoyajua Allah. Lakini tofauti ni kubwa mno kwa mtu kuipuuza.

Hapa nataka nisimame kidogo kwenye jambo la dini, kwa sababu wengi mmekuwa mkiniuliza. Kila mvua kubwa zikija na kipindupindu kikatangazwa, bwana afya anafunga vibanda vya chakula, anazuia matunda ya kukatwa barabarani, anampiga faini aliyetapisha choo. Na ujumbe unaanza kuja: Sheikh, kifo si kimeandikwa? Hii si kukosa kutawakali? Na wengine: maradhi haya si adhabu ya maasi ya watu?

Wamarekani walipitia hapo hapo. Mwaka 1832 wahubiri wao wengi walisema kipindupindu ni fimbo ya Mungu kwa walevi na kwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Mwaka 1849 Rais wao, Zachary Taylor, alitangaza siku ya kitaifa ya kufunga na kuomba. Hakuna ubaya katika kuomba, ubaya ni kuomba huku choo kinamwagikia kisimani kwa jirani. Mwaka 1866 dua iliendelea makanisani, lakini safari hii na lile gari la klorini lilikuwa barabarani.

Sisi jambo hili tulifunzwa mapema. Mwaka wa 18 Hijria, Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham na watu wake. Alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia. Akashauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, akashauriana na wazee wa Kikuraishi, halafu akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar, kwa maana yake, ni kwamba kurudi kwenyewe ni kadari ya Allah vilevile, akampigia mfano wa mchungaji anayechagua kulisha upande wenye majani. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume ﷺ ya kutoingia mahali penye tauni na kutotoka humo kwa kuikimbia. Tazama utaratibu: taarifa, kikao, mashauriano ya makundi, uamuzi wa kiongozi, na hoja ya dalili. Hiyo ni nini kama si kikao cha bodi ya afya?

Na Mtume ﷺ alikataza mtu kukidhi haja kwenye maji ya watu, njiani na kivulini wanapopumzika, akaeleza kuwa mwenye kufanya hivyo anajiletea laana. Baadaye dola za Kiislamu zikawa na muhtasibu wa soko. Vitabu vya hisba vimeeleza kazi yake: kukagua wachinjaji, wapishi, wabeba maji na vyombo vyao. Kwa hiyo bwana afya anapofunua sufuria la mama ntilie, cheo chake kina asili ya zamani. Akiomba rushwa, hilo ni jingine, naye ajue yuko kundi moja na wale wenye vilabu vya pombe wa New York.

Na suala la adhabu: wale mahujaji wa mwaka 1281 waliokufa Mina walikuwa kwenye ibada gani? Anayesema kipindupindu ni alama ya maasi ya mgonjwa awaangalie hao kwanza, kisha anyamaze.

Turudi kwenye bodi. Kipindupindu kilipopoa, ndipo wenye mali walipoinua vichwa. Wachinjaji walikimbilia mahakamani kutafuta mazuio dhidi ya amri za kuwahamisha. Kesi zikawa nyingi. Mwaka 1868 mahakama ya rufaa ya jimbo, katika kesi ya bodi na mtu aitwaye Heister, iliamua kwamba madaraka ya bodi ni halali kikatiba. Hukumu ile ilikuwa na uzito kuliko meli mia za dawa, maana sasa miji mingine iliweza kuunda bodi bila kuogopa kuvunjwa. Mwaka 1867 ikapita sheria ya majengo ya kupangisha: angalau choo kimoja kwa wapangaji 20, na jengo liunganishwe na mfereji wa maji taka kama mfereji upo mtaani. Choo kimoja kwa watu ishirini! Sisi tunaona ni mateso, wao waliona ni ushindi. Na ukipita baadhi ya nyumba zetu za kupanga za mjini, hesabu mwenyewe.

Mwaka 1870 siasa iligeuka, bodi ile ikavunjwa na kazi zake zikarudishwa chini ya mji. Lakini muundo haukufa, idara ya afya ya mji iliendelea na daftari zilezile na wakaguzi. Stephen Smith alikuwa mwanzilishi wa chama cha afya ya jamii cha Marekani mwaka 1872, akaishi mpaka 1922, mwaka mmoja tu kasoro atimize mia.

Na yale maradhi? Hayakuwa yamemaliza safari. Wimbi lilelile la 1865, lililotoka Bahari ya Shamu, lilikuwa na mkono mwingine ulioshuka kusini. Lilipita Uhabeshi, likafuata njia za misafara katika nchi ya Wamasai, likatokea Pangani, na mwishoni mwa mwaka 1869 likaingia Zanzibar. Tunaijua njia hiyo kwa sababu alikuwepo Unguja daktari Mskoti, James Christie, aliyewahoji wafanyabiashara wa misafara mmoja mmoja, ugonjwa waliukuta wapi na lini, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Alifanya peke yake, kwa daftari lake, kazi ambayo New York iliipa ofisi nzima ya msajili.

Zanzibar haikuwa na bodi. Mji wa Mawe na Ng'ambo walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyooni, na watu walikufa kwa maelfu, waungwana na watumwa, Waarabu, Wahindi na Waswahili. Mwaka 1870 akatawala Sayyid Barghash bin Said. Katika utawala wake aliyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji na mabomba, yakatoka bure kwa watu. Wazee wa Unguja bado wanayataja maji ya Chemchem.

Wallahu a'lam. Aliye na swali aliandike hapa chini, nitajibu baada ya Magharibi inshaAllah.